NDOO ZIKO WAPI?



Sisi makapita wa mwaka wa mwisho tumepewa ukurasa huu ili tuseme neno moja mbele ya kuondoka. Wengi walifikiri tutaandika juu ya exetat, au juu ya nidhamu katika bweni. Hayo yatakuja kidogo. Lakini neno letu linaanza na swali ambalo kila mmoja anaweza kulijibu akizunguka kiwanja dakika mbili tu: ndoo za kunawia mikono ziko wapi?

Munazifahamu. Ni zile za plastiki zenye robine chini. Moja inatunza maharagwe katika depo. Ya pili robine yake imevunjika. Ya tatu bado iko mlangoni pa chumba cha kulia, lakini ni kavu, na wadogo wa darasa la saba wanaipiga kama ngoma. Hatuandiki haya ili tumshitaki mtu. Tunaandika kwa sababu ndoo hizi zinatufundisha namna bongo ya mtu inavyofanya kazi, na somo hilo ni kubwa kuliko ndoo.

Tukumbuke kwanza. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, upande wa Beni. Kisha ikafika Beni yenyewe, ikafika Butembo na Katwa, ikaenda na hata mbali. Ilitangazwa kwamba imeisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Karibu miaka miwili! Watu 3.470 waliugua, na 2.287 walikufa. Katika dunia nzima, Ebola moja tu ilikuwa imepita hiyo kwa ukubwa, ile ya Afrika ya Magharibi ya miaka 2014 hadi 2016. Sisi wakati ule tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Wako kati yenu wasomaji waliopoteza baba, mama au dada. Tunawaheshimu, na hatutaki kuchezea jambo hili.

Katika miezi ile, watu wa Butembo na Beni walijifunza kitu ambacho mbele hakuna aliyefikiri kinawezekana. Mlangoni pa kanisa, maji ya klori. Sokoni, maji ya klori. Benki, ofisi, masomo, vilevile. Barabarani kati ya Butembo na Beni, kwenye kizuizi, kila mtu anashuka garini, ananawa, anapimwa homa kwenye paji la uso, ndipo anapanda tena. Na zaidi ya yote, watu waliacha kupeana mikono. Kwetu, mtoto kumnyima mkubwa mkono ni haya kubwa. Hata hivyo tuliona wazee wenye mvi wakisalimiana kwa kiwiko, wakicheka. Mwanzoni ilikuwa taabu, watu walinung'unika. Baada ya miezi michache, mtu alipokosa ndoo mlangoni alisimama na kuuliza, "Maji iko wapi?" Mkono wake mwenyewe ulikuwa unayatafuta.

Ni nani aliyeubadilisha mkono ule? Si hotuba moja, wala si mabango. Ni kurudilia.

Tueleze kidogo, kama tulivyofundishwa katika biolojia na kama tulivyosoma wenyewe. Bongo ya mtu ina seli za neva kama miliari 86. Kila seli inashikana na seli nyingine nyingi, na habari inapita kati yao kwa umeme na kwa dawa ndogo ndogo za mwili. Mwaka wa 1949 mtaalamu mmoja wa Kanada, Donald Hebb, aliandika wazo hili: seli moja ikizoea kuamsha nyingine, mara kwa mara, kiungo kati yao kinapata nguvu. Mwaka wa 1973, Bliss na Lømo walionyesha katika bongo ya sungura kwamba kiungo kikichochewa sana, kinabaki na nguvu muda mrefu. Kwa hiyo mazoea si hewa. Yana mahali pake katika nyama ya mwili.

Fikirini barabara yetu wakati wa mvua, pale magari makubwa ya mizigo yanapopanda kutoka Kasindi. Gari la kwanza linaacha alama tu katika tope. La kumi linachimba. La mia linaacha mitaro miwili mirefu, na toka hapo kila dereva anayekuja, apende asipende, tairi lake linaingia mle mle. Akitaka kutoka, atahitaji nguvu, na vijana wa kusukuma. Bongo yetu iko hivyo. Jambo tunalolifanya mara ya kwanza linatuchosha kwa sababu tunalifikiri hatua kwa hatua. Likirudiliwa, kazi inahamia katika sehemu za ndani za bongo zinazoendesha mambo bila kutuuliza. Ndiyo sababu unaweza kufunga kamba za viatu huku ukizungumza. Ndiyo sababu pia mkono unaingia mdomoni kuuma kucha, na wewe hujui umefika pale namna gani.

Mfano wa pili ni wa watu wa taksi wa London. Kule, mbele ya kupata ruhusa, dereva anajifunza kwa kichwa barabara kama 25.000, miaka mitatu au minne. Mwaka wa 2000, Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha ya bongo zao. Sehemu moja inayosaidia kukumbuka njia ilikuwa kubwa zaidi upande wa nyuma kuliko kwa watu wengine, na kwa wale waliofanya kazi miaka mingi ilikuwa kubwa zaidi tena. Wengine wakasema: labda walizaliwa hivyo! Basi wakafuata wanafunzi wa kazi ile toka mwanzo. Jibu lilitoka mwaka wa 2011: waliosoma na kushinda, sehemu ile ilikuwa imeongezeka, walioshindwa, hapana. Sisi hatujui kama kuna mtu aliyepiga picha ya bongo za wamotari wetu wa Butembo, wanaojua kila kichochoro kutoka Kimemi hadi Bulengera bila ramani. Lakini tunaamini wasingetuaibisha.

Sasa turudi kwenye ndoo. Kama kurudilia kulijenga njia katika bongo, mbona mazoea yale yalilegea? Tulisikia majibu mawili katika kiwanja. Wamoja wanasema, "Ni uvivu wa vijana wa leo." Wengine wanasema, "Ugonjwa uliisha, kwa nini tunawe?" Sisi tunaleta jibu la tatu. Mazoea yanashikamana na mahali na ishara. Mkono ulizoea kunawa *mbele ya ndoo, mlangoni*. Ndoo ilikuwa kama kengele inayoiambia bongo: fanya sasa. Ukiondoa ndoo, umeondoa kengele. Mtu hakuwa mbaya zaidi jana kuliko leo. Mlango wake ndio uliobadilika.

Kuna watakaotupinga: "Mtu mwenye akili hahitaji ndoo ya kumkumbusha." Tunawajibu kwa heshima kwamba mwenye akili anajua akili yake inachoka. Saa sita na nusu, tumbo linalia, interro ya fizikia imeisha vibaya, nani atakumbuka vijidudu? Hakuna. Atanawa yule ambaye bongo yake imezoea, na ambaye maji yako mbele yake. Kwa hiyo tusitegemee tu kuhubiriana. Tutengeneze mlango.

Na itachukua siku ngapi? Watu wanapenda kusema siku 21. Katika chuo kikuu cha University College London, Phillippa Lally na wenzake walifuata watu 96 waliochagua kila mmoja zoezi moja dogo, kama kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Matokeo yalitoka mwaka wa 2009: kwa wastani ilihitaji siku 66 hadi jambo lifanyike lenyewe. Wengine walikaribia siku 18, wengine hesabu ilifika 254. Na habari njema: kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Yule anayeanguka leo na kurudi kesho bado yuko njiani. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zetu, mpaka hapa tumesema juu ya mikono. Lakini bongo haina sheria moja kwa mikono na nyingine kwa mawazo. Wazo nalo likirudiliwa linachimba mtaro. Na hapa Butembo na Beni tulilipa bei ya jambo hilo.

Munakumbuka maneno yaliyokuwa yanatembea: "Ebola hakuna." "Ni biashara yao." "Ni politike." Katika mwezi wa tisa 2018, wachunguzi waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Watu 230, yaani karibu robo moja, walisema Ebola si ya kweli. Uchunguzi huo ulitoka mwaka wa 2019. Wale robo moja hawakuwa wajinga. Toka mwezi wa kumi 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wanachinjwa, na wengi waliona kwamba hakuna anayekuja kuwaokoa. Kisha ugonjwa ulipofika, magari yakaja mengi, na franka nyingi. Mtu akajiuliza: mbona kwa panga hamkuja? Tena siku nne mbele ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, ikatangazwa kwamba Beni na Butembo watapiga kura mwezi wa tatu wa mwaka ujao, juu ya Ebola na usalama. Wakati ule nchi ingekuwa tayari na rais mpya. Kwa hiyo wazo la "ni politike" lilipata udongo laini.

Lakini udongo laini peke yake hauleti mtaro. Kilichouleta ni midomo. Wazo lilisemwa sokoni, likasemwa kwenye pikipiki, likasemwa jikoni, hadi likawa kama jambo ambalo kila mtu amelijua toka zamani. Wataalamu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliona kitu hiki mwaka wa 1977. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno mengi, mengine ya kweli, mengine ya uongo, mara tatu, kwa kupitisha majuma mawili mawili. Maneno yale yaliyorudiliwa, hata ya uongo, wanafunzi walianza kuyaona kuwa ya kweli zaidi. Bongo inachukua urahisi wa kukumbuka kama ushahidi. Hiyo ndiyo hatari.

Na matunda tuliyaona. Mwezi wa pili 2019, vituo vya kutunzia wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa katika juma moja. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, Dokta Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kusaidia, aliuawa kwa risasi hapa Butembo, katika hospitali. Hatusemi kwamba kila aliyerudilia uvumi alishika silaha. Hapana. Tunasema kwamba wenye silaha walitembea katika njia iliyokuwa imekwisha kulimwa na maneno.

Katika masomo yetu uvumi haujaacha. Kila mwaka, majuma mawili mbele ya exetat, kunatokea mtu anayesema maswali yametoka, leta franka. Kila mwaka finalisti fulani analia. Kuna tena uvumi wa ndani ya mtu mwenyewe: "Mimi na hesabu, hapana." Au ule mbaya zaidi, tunaouambia dada zetu: "Hesabu si ya wasichana." Mwenye kusema hivyo kila siku hapunguzi pointi kwa uchawi. Anafanya hivi: akiona zoezi la hesabu, anafunga daftari. Kesho anafunga tena. Mtaro unaochimbwa ni wa kufunga daftari. Na tusidanganyane upande wa pili: anayerudilia "nitapita, nitapita" bila kufungua daftari, bongo yake inajifunza kusema "nitapita", basi. Bongo inajifunza kile kinachofanywa.

Kuna kurudilia kwa tatu, ambako hakuna mtu aliyekuchagua. Ni hofu.

Wengi kati yetu wametoka Beni, Oicha, Mbau, na vijiji vya kando. Wamesikia risasi usiku, si mara moja, na wamekimbia, si mara moja. Bongo yao ilifanya kazi yake vizuri: ilijifunza kwamba sauti kali gizani maana yake amka, kimbia. Funzo lile liliokoa maisha. Lakini halijui kwamba sasa mtu analala katika bweni la Butembo. Mlango wa bati ukipigwa na upepo, moyo unaruka mbele mwenyewe hajafikiri. Mwenzake anamcheka, "Wewe mwoga!" Si uoga hata kidogo. Ni mtaro uliochimbwa na wengine kwa nguvu.

Pavlov, yule Mrusi wa mbwa, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa sauti pamoja na chakula anadondosha mate akisikia sauti tu. Sauti ikirudiliwa bila chakula, mate yanapungua hadi kukauka. Lakini mbwa akipumzika, siku nyingine mate yanarudi. Ya kwanza hayakufutika. Yalifunikwa na funzo jipya. Vivyo hivyo hofu inatulia pale usiku mwingi wa amani unapofuatana, na usiku mmoja mbaya unaweza kuiamsha. Kwa hiyo tunasema wazi: ule mchezo wa kupiga bati usiku na kulia "Wamefika!" ili kuona wadogo wakikimbia, si mchezo. Kila mara unapofanywa, kazi ya usiku mwingi inaharibika ndani ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Kwa hiyo sisi makapita tunaleta mambo matatu, na tunaomba Bwana Prefe na walimu wayapokee.

Kwanza, ndoo zirudi. Mbili kwa kutokea choo, moja mlangoni pa chumba cha kulia, na zisihamishwe hata siku moja, kwa sababu bongo inajifunza mahali. Kila darasa lichukue juma lake la kujaza maji mbele ya kengele ya kwanza. Sabuni ifungwe katika soksi ya zamani, ininginie pale pale, isiende kufua mashati. Sisi wenyewe tutasimama kando ya ndoo siku 70, bila fimbo. Baadaye hatutahitajika.

Pili, juu ya uvumi. Mtu akileta neno, mbele ya kulipeleka mbele tumuulize, "Umeliona wewe mwenyewe? Nani aliliona?" Kama hakuna, liishie hapo. Kuuliza hivi nako ni mazoea, kunajifunzwa kama kunawa.

Tatu, usiku bweni liwe bweni. Hakuna kupiga bati, hakuna fataki siku ya matokeo karibu na madirisha. Atakayefanya, tutampeleka kwa mkuu wa nidhamu, hata akiwa finalisti.

Wengine watasema tunaogopa ugonjwa uliokwisha kupita. Tuwakumbushe: baada ya 2020, Ebola ilirudi upande wa Butembo mwezi wa pili 2021. Ilirudi Beni mwezi wa kumi wa mwaka ule ule. Ilirudi Beni tena mwezi wa nane 2022. Mwaka wa 2025 ilitokea Bulape, katika Kasai. Mara zile za kwetu ilizimwa haraka, kwa kuwa chanjo ilikuwepo na waganga walikwisha kuzoea kazi. Tena bila Ebola, kolera na tifoidi hazihitaji mwaliko.

Sisi tutaondoka. Baada ya exetat tutatawanyika, wamoja Goma au Kisangani, wengine shambani, wengine dukani kwa baba. Tutakwenda na yale tuliyoyarudilia hapa miaka hii yote: zaburi tunazozijua kwa kichwa, kanuni za kemia, na pia matusi, kama tuliyazoea. Ninyi munaobaki muna siku nyingi zaidi kuliko sisi. Juma hili darasa la saba wanaweza kuanza kwa kazi moja: kuacha kupiga ile ndoo ya tatu, na kuijaza maji.

Kapita Mkuu, kwa niaba ya makapita wa mwaka wa mwisho